Mkanda Mweupe, na Karatasi Niliyotia Sahihi

Amani iwe kwenu nyote, ninyi wa kanisani na ninyi wageni wa kikundi chetu cha ushuhuda mliofika leo kwa mara ya kwanza. Mimi si msemaji. Mwenyekiti wetu ameniomba nisimame mara tatu, na mara mbili za mwanzo nilijificha jikoni nikajifanya naosha vikombe. Leo naona amefunga mlango wa jikoni na ufunguo kautia mkobani. Haya, nitasema. Sitataja jina la mtu yeyote, wala la mahali nilipokuwa nafanya kazi. Aliyekosa katika habari hii ni mimi, na mimi mnanifahamu.

Wengi mmeniona kwenye basi na begi langu la mazoezi. Watoto wenu wananiita Auntie Karate, na nimeshachoka kuwaambia kwamba ni taekwondo. Wengine mlidhani nakwenda kupunguza mwili. Mwili haujapungua, mnauona. Leo nawaambia kilichonipeleka.

Ilikuwa miaka ile tulipokuwa bado tunakwangua kadi za simu ili tupige nyumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa hapa Maryland. Kazi yenyewe nusu yenu mnaifanya, sina haja ya kuieleza: kuogesha, kugeuza, kulisha, kumtoa mtu kitandani na kumkalisha kwenye kiti. Niliipenda. Wazee waliniulizia siku nisipokuwa zamu.

Siku moja, saa tisa alasiri, jua linawaka, nimeshuka kwenye treni Silver Spring, nimepitia duka la Waafrika kununua unga wa dona na dagaa. Natembea kwenda nyumbani. Mwanamume akatokea nyuma yangu akanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, akabana kama mtu anayekamua nguo. Mkono wake wa pili ukavuta mkoba.

Ndugu zangu, hatua kumi mbele yangu alikuwepo mama anasukuma kigari cha mtoto. Ng'ambo ya barabara wanaume wawili walikuwa wanapakia makochi kwenye lori. Ningepiga kelele wangegeuka wote. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Yule mtu akachukua mkoba akaenda zake, hata hakukimbia. Mimi nimesimama, dagaa zimemwagika barabarani, na yule mama anaendelea na kigari chake.

Polisi walikuja, wakawa waungwana. Mmoja akaniuliza, "Ulipiga kelele?" Nikasema hapana. Akaandika hapana. Lile neno likaniuma kuliko mkono. Mimi kwetu Singida nimelelewa kwamba mtoto wa kike hapazi sauti, na sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo mpaka siku ile.

Baada ya hapo sikutaka mtu aniguse. Mume wangu, yule pale karibu na spika, msimwangalie sana ana haya, alikuwa akinigusa bega nikiwa nakata vitunguu, naruka na kisu mkononi. Akaanza kukohoa kabla ya kuingia jikoni. Kazini niliendelea kwenda. Nilidhani kazi itanituliza.

Kwenye koridoo yetu tulikuwa wasaidizi wawili: mimi, na dada mmoja Mkongo wa Bukavu. Kila mmoja alikuwa na wazee wake, majina yamebandikwa ukutani, lakini kengele ikilia na mwenzio ana shughuli, unaenda wewe. Ndivyo tulivyoishi. Katika wazee wa dada alikuwepo mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu ujanani. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka ila adabu ilibaki. Ukimfunga vifungo, kila kifungo anakushukuru. Vifungo saba, asante saba.

Asubuhi moja, wiki kama tatu tangu niporwe, dada alikuwa bafuni anaogesha mgonjwa mwingine, maji yanamwagika, hasikii kitu. Kengele ya mzee ikalia. Nikaingia. Alitaka kuhamia kiti cha dirishani. Nikamsimamisha vizuri, kama nilivyowasimamisha wazee mia. Miguu yake ikatetemeka, naye akanyoosha mkono akanishika. Hapa. Palepale pa yule mtu.

Nilijinasua. Nilivuta mkono kwa nguvu zangu zote nikatoka mbio hadi koridoni. Nyuma yangu nikasikia mzee anaanguka.

Nesi wa zamu akaja anakimbia. "Kumetokea nini?"

Nikasema, "Nimemkuta chini."

Maneno mawili tu. Hata sikuyatafuta, yalikuwa yananisubiri mdomoni. Mzee alivunjika nyonga. Mchana wakaniletea karatasi nieleze, nikaandika kwamba nilikuwa napita, nikaona taa ya kengele inawaka, nikamkuta chini. Nikatia sahihi. Jina la mtu sikuliandika, na sikuwa na haja ya kuliandika, kwa sababu orodha ilikuwa ukutani.

Dada akapewa barua ya onyo la mwisho. Ikija nyingine, hana kazi. Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo analia, nikampa tishu. Mnanisikia? Mimi ndiye niliyempa tishu ya kufutia machozi.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya mambo yake. Huyu dada, na barua yake ya onyo kwenye mfuko, ndiye aliyeona kwamba mimi naumwa. Habari ya kuporwa aliijua. Ya mzee hakuijua. Siku moja tunakula chakula cha mchana akaniambia, kwa Kiswahili chao cha kule, "Mama, weye uko mugonjwa. Haiko ya mwili. Nakuona unaogopa hata mulango ikifungwa." Nikamwambia nimechoka tu. Akasema, "Miye naenda mahali, Riverdale Park, kila siku ya pili na ya nne. Kuya na miye mara moja. Kama haupendi, basi, tunaacha." Siku ya pili na ya nne kwao ni Jumanne na Alhamisi.

Nilimuuliza ni kanisa gani. Akacheka. Kumbe ni taekwondo. Alikuwa ameanza mwaka mmoja kabla, ana mkanda wa kijani. Nikaona aibu kumkatalia. Mtu uliyemwibia ukimkatalia tena unajiona mnyama. Nikaenda.

Ukumbi wenyewe uko barabara kuu ya pale, katikati ya duka la matairi na mahali pa kufulia nguo. Ukiingia unavua viatu. Mwalimu alikuwa mzee wa Kikorea, mfupi, goti lake moja bovu, maneno machache. Akanipa nguo nyeupe na mkanda mweupe, akaniuliza swali moja tu: "Una maumivu wapi?" Nikasema hakuna. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa. Ukipajua utaniambia."

Nawaambia ukweli, mwezi wa kwanza nilikuwa kichekesho. Wenzangu wanainua mguu hadi kifuani, wangu unagoma kwenye goti. Nikigeuka wote wameelekea mlangoni, mimi nimeelekea ukutani. Halafu wanahesabu kwa Kikorea, na moja kwa Kikorea wanasema "hana". Mwalimu anapaza sauti, "Hana!" Na mimi Mswahili nimesimama pale nasikia hana. Hana nini? Hana usingizi, hana raha, hana ukweli. Kila teke naambiwa hana. Mnacheka, na mimi leo nacheka. Siku zile nilirudi nyumbani nikalia kwenye beseni la kuogea, bomba limefunguliwa ili mume wangu asisikie.

Kilichonishinda kabisa ni ile sauti. Kila ukipiga ngumi lazima utoe sauti ya tumboni. Wao wanaiita kihap. Mimi kwa mara ya kwanza nilisikia kiapo, nikashtuka, nikadhani nimeletwa niapishwe. Darasa zima linapiga ukelele mmoja, madirisha yanatetemeka, mimi napumua tu kama mtu anayepuliza chai. Mwalimu hakunigombeza. Alikuwa anapita mbele yangu, anagusa tumbo lake mwenyewe, anaondoka.

Dada alikuwa akinisindikiza kila mara. Tukipanda basi ananifundisha hesabu yao mpaka kumi. Akaniletea bendeji ya goti. Siku moja akaniambia, "Usiache, mama. Kuraji, jipe moyo. Miye nilifika hapa na mambo ya vita kwa kichwa, sikulala miaka. Sasa nalala." Kila wema wake ulikuwa unanichoma. Nilitamani aninunie.

Wiki ya tano au ya sita, mwalimu akasema leo tunajifunza kujinasua, mtu akikushika kifundo cha mkono. Akatupanga wawili wawili. Mimi na dada.

Akanishika. Polepole, kwa upole. Nikaganda. Masikio yakaziba, nikasikia harufu ya dagaa. Kweli kabisa, mle ukumbini nilisikia harufu ya dagaa. Dada akaniachia papo hapo. Mwalimu akaja. Akasema, "Badilisheni. Wewe mshike yeye. Mshike kweli."

Nikamshika. Mara ya kwanza akageuza mkono, akapitisha upande wa dole gumba, akatoka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akarudi hatua moja nyuma, kama tulivyoonyeshwa, na mimi mgeni wa mambo yale nilikuwa nimesimama vibaya, mguu ukateleza. Naanguka. Na mkono wangu, wenyewe, bila mimi kuuambia, ukambana dada kwa nguvu ambayo sikujua kama ninayo. Sikuwa na nia ya kumuumiza, wala ya kumzuia asiende. Nilibana kwa sababu naanguka.

Na dada hakuvuta mkono wake. Alileta na wa pili, akanishika kiwiko, akanisimamisha.

Ndugu zangu, pale pale ndipo nilipomwona yule mzee. Wiki zote zile nilikuwa najiambia alinishika, alinikamata, ndiyo maana nikakimbia. Mzee hakunikamata. Mzee alikuwa anaanguka, mimi ndiye niliyekuwa karibu, nami nikamnyang'anya mkono.

Nikakaa chini kwenye lile zulia, na mkanda wangu mweupe, sikuweza kuinuka. Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Naona umepajua panapouma." Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi nenda kapatengeneze. Taekwondo itakungoja."

Kituoni, tukisubiri basi la kurudi Silver Spring, nilimwambia dada kila kitu. Kengele. Mkono. Koridoo. Karatasi. Barua yake. Sikulia, kwa sababu niliona kulia mbele yake ni kumwibia tena. Alisikiliza anaangalia magari. Nilipomaliza basi likaja, likafungua mlango, tukamwambia dereva aende.

Ndipo akasema, "Wiki hizi zote nilikuwa nafikiri ni miye. Nilikuwa nauliza Mungu kila asubuhi: ile kengele ililia wapi, hata sikuisikia? Nilifikiri masikio yangu ndiyo ilivunja mzee wa watu."

Hilo sikulitegemea. Nilijua nimemletea barua. Sikujua kwamba nimemletea na dhambi yangu, akawa anaibeba kwenye sala zake.

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Sitaki hiyo neno leo. Kesho saa mbili utaenda kwa mukubwa. Miye nitasimama mulangoni nione umeingia."

Alisimama kweli. Niliingia kwa mkuu wa nyumba ile, nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilitoka. Nikaandika karatasi nyingine, hii ya ukweli, nikatia sahihi ileile. Barua ya dada ikafutwa. Mimi nikaambiwa nivue kitambulisho nikiache mezani. Baadaye nikaitwa na bodi inayotoa vyeti vyetu. Wakanisikiliza, wakaniuliza maswali mazito, wakakisimamisha cheti changu mwaka mzima na kunirudisha darasani kusomea upya. Sikupinga. Nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa kule Springfield, Virginia. Kutoka hapa hadi kule mnajua wenyewe ni treni, ni basi, ni miguu.

Niliomba kuonana na binti wa yule mzee. Akakubali, tukakaa kwenye benchi nje ya hospitali. Nikamweleza baba yake alivyoanguka. Alisikiliza mikono ikiwa mifukoni mwa koti. Akaniuliza jambo moja: "Alikuwa anaogopa?" Ningeweza kumdanganya, na ingekuwa rahisi, tena ingeonekana huruma. Nikasema, "Ndiyo. Na mimi niliogopa, nikamwacha." Akainuka. Akasema, "Asante kwa kuniambia. Tafadhali usije tena." Sikuenda tena. Mzee aliishi miezi kadhaa kwenye kiti cha magurudumu, akafariki. Nilisikia kwa watu. Yule binti hajanisamehe, au kama amenisamehe mimi sijui, na si haki yangu kujua. Nasema hili kwa sababu tukisimama hapa huwa tunapenda kusema kila kitu kilirekebishwa. Kuna kisichorekebika. Ninaishi nacho.

Na dada? Miezi miwili hakuniambia neno. Nami sikurudi Riverdale Park, nilijua pale ni pake. Mume wangu ndiye aliyekuwa ananiuliza, "Huendi kwenye mateke yako?" Yeye huyu aliyecheka siku ya kwanza akasema umri huu nitavunjika. Jumamosi moja tukasikia mlango unagongwa. Nikafungua, dada yuko nje na begi langu la mazoezi nililoliacha kule. Nguo amezifua, amezipiga pasi. Akasema, "Mwalimu anauliza mwanafunzi wake. Nimechoka kumudanganya kama sijui." Akaingia, akaomba chai. Tulikunywa chai. Hatukuongea mambo makubwa. Alipoondoka akasema, "Siku ya pili, usichelewe."

Nikarudi. Sauti ile ilikuja siku moja tu, Jumanne ya kawaida, sikumbuki hata mwezi. Napiga ngumi, ikatoka. Nilijiona kama nimevunja kitu cha watu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliendelea kuhesabu. Miezi michache baadaye nikafanya mtihani wa mkanda wa manjano. Ubao nilioupiga haukuvunjika mara ya kwanza, ukavunjika mara ya pili, na unyayo wangu ukavimba wiki nzima. Cheti changu nilirudishiwa mwaka ulipokwisha. Nimerudi kwa wazee, mahali pengine, na wao wanajua habari yangu yote, maana niliwaambia mwenyewe kabla hawajaniajiri. Wazee wananishika wapendavyo: mikono, shingo, nywele. Nasimama.

Sasa namshukuru Mungu, aliyenivumilia nikiwa mwongo. Namshukuru mwalimu wangu, ambaye mpaka leo hajaniuliza nilifanya nini. Namshukuru mume wangu kwa kukohoa mlangoni miezi ile yote. Namshukuru yule binti, aliyekuja kukaa benchi moja na mimi ilhali angeweza kukataa.

Na kama kuna mmoja hapa, naye ninajua yupo maana kazi zetu zinafanana, ambaye kuna karatasi aliyotia sahihi na anajua ilivyo, namwambia hivi. Hofu ilinipata bila mimi kuitaka, kwa hiyo siilaumu. Uongo niliuchagua. Nikaenda kufundishwa kupigana, nikidhani adui yangu ni yule mtu wa barabarani, kumbe kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusema neno moja la kweli kwa mtu aliyekuwa ananinunulia bendeji. Usingoje mpaka moyo utulie ndipo useme. Wangu haukutulia. Nilisema huku unatetemeka, na ukatulia njiani, baada ya muda mrefu.

Mmebaki kujiuliza dada yule yuko wapi. Yupo. Amekaa safu ya nne, na leo asubuhi nilimuomba ruhusa ya kusema haya yote, akanijibu, "Sema, lakini usinipambe." Dada, simama watu wakuone. Mara moja tu, simama.

Mnaona? Anatikisa kichwa. Amekataa.

Basi, mimi nakaa. Asanteni kunisikiliza.